Asali Ambayo Vero Hakuionja

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa saluni hapa Singida mjini, nikisubiri zamu yangu ya kusukwa, binti wa kucha alipofungua kichupa cha dawa ya kutolea rangi. Harufu ilinifikia kabla sijaona alichoshika. Niliinuka, nikatoka, nikasimama barazani huku nywele zimechanwa nusu. Msusi akanifuata. "Dada, vipi, unajisikia vibaya? Au ndiyo tayari?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia ni joto tu. Ningeanzaje kumweleza kwamba ile harufu, kali na tamu kwa pamoja, kama mapera yaliyoiva hadi kupasuka, ndiyo iliyokuwa ikitoka kinywani mwa dada yangu siku aliyokaribia kufa, na kwamba sisi wa nyumbani kwake tuliinusa tukamwita mlevi, baada ya kuwa tumekwisha kumwita mwizi?

Nyumba yetu ilikuwa Itigi, upande wa pili wa reli, ambako vichaka vinaanza karibu kabisa na ua. Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilining'inia ndani ya vichaka, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, na yeye na wenzake walikaa huko kambini wiki mbili au tatu, kisha wakarudi wananuka moshi na nguo zimeganda kwa nta. Siku ya kurudi kila mtoto alipewa kipande cha sega, tukatafuna mpaka nta ikawa kama mpira mdomoni. Baada ya siku hiyo asali iliingia chumba cha ndani, kwenye ndoo, na mama akafunga vifuniko kwa kamba ya katani, kwa fundo lake ambalo hakuna aliyeweza kuliiga. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa tena. Haukuwa uchoyo. Baba alitufundisha, kama alivyofundishwa na baba yake, kwamba nyuki wanajua habari za nyumbani kwa mrina. Nyumba ikiwa na mwizi, wanahama, mizinga inabaki mitupu. Kwa hiyo kulamba kidole kimoja kulikuwa sawa na kufukuza chakula cha mwaka mzima.

Katika nyumba ya namna hiyo sisimizi ni askari. Mama akiona mstari wao ukutani aliufuata mpaka mwisho, na mwisho wake sikuzote ulikuwa asali: kijiko ambacho hakikuoshwa vizuri, punje ya nta iliyoanguka, tone chini ya kifuniko. Tulikua tukijua hivyo kama tulivyojua kwamba moshi una moto.

Vero alinizidi miaka mitatu. Yeye alikuwa na kumi na mitatu, mimi kumi. Tulilala kitanda kimoja, na tulikuwa na sheria yetu: kila kitu nusu kwa nusu, mmoja anakata, mwingine anachagua. Muwa, andazi, hata kipande cha sabuni. Mkataji alikata huku ametoa ulimi nje kwa umakini, maana akikosea kidogo mwenzake anaondoka na kikubwa. Sikumbuki hata siku moja ambayo Vero alinipunja. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nililolisahau upesi kuliko yote.

Mwaka huo tulifundishwa sayansi na Mwalimu Yona, mtu mrefu aliyependa kufundisha kwa vitu vya kushika. Siku moja alileta darasani jiko la mkaa la mke wake, akaliweka juu ya meza.

"Mwili wako ndio hili jiko," alisema. "Chakula ni mkaa. Ukila, kinawaka ndani polepole, bila moshi. Moto huo ndio unakupa nguvu za kulima na kukimbia. Ndiyo maana mtu aliye hai ana joto."

Mtoto mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na majivu je?"

"Majivu unayapeleka chooni kila asubuhi," Mwalimu alijibu, na ilimchukua muda kutunyamazisha.

Kisha akatupa kazi. Kwa mwezi mmoja kila mwanafunzi achague mtu mmoja wa nyumbani, aandike anachokula na kazi anayofanya, tuone kama mkaa unalingana na moto. Wengi waliandika siku mbili, nyingine wakabuni. Mimi nilipiga mistari kwa rula, nikagawa ukurasa sehemu nne: chakula, maji, kazi, mengineyo. Nilimchagua Vero kwa sababu alikuwa karibu nami mchana na usiku.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, mambo yakaanza kutolingana. Vero alikula ugali kama mwanaume aliyetoka kambini, akakwangua ukoko wa sufuria, akaniuliza kama nimeshiba ili amalizie wangu. Maji nilihesabu vikombe kumi na vitano kwa siku, na hapo ni vile nilivyoviona. Lakini akienda kisimani alitua ndoo mara tatu njiani. Shambani aliegemea mpini wa jembe kama bibi kizee. Sketi yake ya shule ilibanwa kwa pini moja, kisha pini mbili. Usiku aliamka kwenda kukojoa, akarudi, akaamka tena, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali na sisi tulikuwa waoga, tulichuchumaa nyuma ya nyumba. Katika sehemu ya mengineyo niliandika: "Mkaa mwingi. Moto hakuna."

Nililifikiria jambo hilo kwa bidii yote ya mtoto aliyefundishwa nusu. Kama mkaa unaingia na nguvu hazitoki, basi lazima kuna kitu kingine kinawaka mle ndani, kinawaka vibaya, kinamaliza kila kitu. Mwalimu alikuwa amesema vitu vitamu vinawaka upesi, kama nyasi kavu. Na mtu anayewaka hivyo, si atatafuta maji kila saa ili auzime? Nilikuwa nimebakiza kuujua utamu wenyewe unatoka wapi.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba nikawaona sisimizi. Mahali nilipochuchumaa mimi palikuwa pakavu, hapana kitu. Pale pa Vero, hatua mbili tu pembeni, ardhi ilikuwa nyeusi, inatembea. Nilikaa nikawatazama mpaka mama akaniita mara ya pili. Kisha nikaenda kuandika. Sisimizi wamefika mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari ni asali. Dada yangu alikuwa ameila nyingi kiasi kwamba inamwagika.

Nililia siku ile, nyuma ya banda la kuku. Asali haikuniliza. Kilichoniliza ni kwamba hakunikatia.

Siku chache baadaye mama aliweka sufuria ya ugali katikati yetu, lakini hakupakua. "Ndoo ya tatu imepungua," alisema. "Fundo langu limefunguliwa, likafungwa na mtu asiyejua kulifunga. Nani?"

Baba alikuwa ananawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, akisugua kidole kimoja kimoja. Mimi niliinuka, nikaleta daftari, nikasoma yote, kuanzia vikombe vya maji mpaka sisimizi. Nilisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Vero alinitazama. "Eliza," alisema. "Wewe?" Kisha akamgeukia mama. "Mama, sijala asali. Kweli sijala."

"Na sisimizi?"

"Sijui habari za sisimizi."

"Wamefuata nini kwenye mkojo wako? Maharage?"

"Mama, sijui."

Hapo ndipo baba alipozungumza. "Huyu mdogo hadanganyi, mama Vero. Si unaona anavyoandika? Kila jambo na siku yake." Akanipapasa kichwa, mkono wake bado una maji. "Mwandishi wangu huyu."

Niliyabeba maneno hayo mchana kutwa. Baba hakuwa mtu wa kusifu.

Vero hakuchapwa. Mama alisema fimbo ni ya makosa madogo. Aliamriwa kula wa mwisho, akute kilichobaki, na Jumamosi jumuiya yetu ya sala ilipokutana nyumbani kwetu aliambiwa asimame atubu mbele ya watu. Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amesimama mbele ya watu haohao akaahidi kuacha pombe, nao walimpigia vigelegele, na mama alitembea kichwa juu mwezi mzima.

"Tubu, binti yangu, jambo liishe," mama mmoja wa jirani alimwambia Vero. "Asali si roho ya mtu."

"Nitubu nini, mama? Nikitubu ambacho sikufanya nitakuwa namdanganya Mungu."

"Haya, sikieni. Mwili umekwisha, mdomo umebaki."

Watu walicheka kidogo. Baba akasema tusimame tuombe. Alifumba macho kwa nguvu, mpaka ngozi ya paji la uso ikajikunja. "Bwana," aliomba, "umguse mwizi aliye ndani ya nyumba hii." Tuliitika amina. Vero hakuitika. Aliomba ruhusa akanywe maji.

Shuleni walimwita Malkia wa Nyuki. Akipita, wavulana walivuma kwa midomo. Siku moja na mimi nilicheka. Tangu hapo kila kilichompata Vero kilikuwa na maelezo yake. Akikonda, ni dhambi inamla. Akilala mchana, ni kiburi. Akinywa maji, si ndiyo asali inavyokausha koo? Tulikuwa tumepata jibu, na aliye na jibu haulizi tena. Mimi niliendelea kuandika, lakini sasa niliandika kama mtu anayemlinda mfungwa.

Haikufika wiki mbili. Asubuhi hiyo Vero alitapika, akashindwa kuamka. Mama aliinama kumpima homa kwa kiganja, mara akarudi nyuma. Akainama tena, akanusa.

"Huyu amekunywa," alisema polepole. "Wanzuki."

Wanzuki ni pombe inayopikwa kwa asali, na kwetu hakuna asiyejua harufu yake. Baadaye nilifahamu kwamba mama alikuwa akiinusa ndani ya nyumba kwa majuma kadhaa, kwenye shuka, kwenye taulo, na alikuwa akijiambia kwamba pua yake inamsingizia mumewe. Sasa aliona amepata aliyeileta. Mtoto anaiba asali, anaipeleka kwa Mama Chausiku mpika pombe, analipwa kwa kikombe. Alimvuta Vero kitandani, akamfunga kanga kiunoni. "Eliza, chukua daftari lako, twende."

Vero alitembea. Sijui alitembeaje, lakini alitembea, ameegemea mkono wa mama uliokuwa umemshika kama anavyoshikwa mwizi.

Kwa Mama Chausiku kulikuwa na mapipa mawili chini ya kibanda cha nyasi, benchi, na wanaume wawili wenye vikombe ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea. Aliitika marahaba huku macho yake yako kwa Vero.

"Mama Chausiku," mama alisema, "sijaja kwa ugomvi. Mtoto wangu anakuletea asali, wewe unamlipa pombe. Ana miaka kumi na mitatu huyu."

Mama Chausiku alijifuta mikono kwenye kanga. "Mama Vero, mwanao sijamwona hapa hata kwa kupita njia."

"Kwa hiyo asali yangu haijafika hapa."

Mwanaume mmoja aliweka kikombe chake chini kabla hajakimaliza, akaondoka bila kuaga.

"Asali yako imefika," Mama Chausiku alisema, sauti chini. "Ila hakuileta mtoto. Kamuulize mwenzio. Mimi nilidhani unajua."

Niliuona mkono wa mama ukiachia. Ulibaki hewani, vidole wazi. Na Vero, aliyekuwa amesimama kwa sababu ya mkono huo tu, alikaa chini, kisha akalala ubavu kwenye vumbi. Alikuwa anahema kwa nguvu, haraka, kama mtu aliyekimbia kutoka Kilimatinde. Mama Chausiku alipiga magoti, akaweka pua karibu na kinywa chake, akanusa taratibu kama anavyonusa pipa.

"Hii si pombe," alisema. "Mimi nanusa pombe tangu sijavunja ungo. Inafanana, lakini siyo. Mtoto mgonjwa huyu. Kassim, leta baiskeli yako."

Kassim ndiye yule aliyebaki kwenye benchi. Walimpakia Vero nyuma, Mama Chausiku akamshikilia, Kassim akasukuma, wakakata njia kuelekea hospitali ya misheni. Mama alifuata kama mtu aliyeamshwa vibaya usingizini.

Daktari wa zamu alikuwa kijana. Aliuliza mtoto amekonda tangu lini, anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi. Mama alisema, "Sijui, daktari." Akarudia, "Sijui."

"Mimi najua," nilisema.

Nikasoma. Yalikuwa maneno yaleyale niliyoyasoma mbele ya sufuria ya ugali, na nadhani hata sauti ilikuwa ileile. Nilipofika kwa sisimizi alinisimamisha. "Hapo rudia." Hakucheka. Aliita muuguzi, wakatoboa kidole cha Vero, wakapima na mkojo, kisha wakawa wanatembea haraka na sisi tukaambiwa tukae nje.

Kesho yake Vero alikuwa hai, ana dripu mkononi na midomo imepasuka. Daktari alisema ni kisukari. Mama akasema kisukari ni cha wazee. Daktari akasema kipo na cha watoto, na kwamba tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Mimi nilikuwa bado na shauri langu. Nilimwambia Mwalimu Yona alitufundisha mwili ni jiko, na kwamba kwa Vero jiko lilikuwa na mkaa mwingi.

"Mwalimu wako hakukosea," alisema. "Ameruka hatua moja tu. Mnakaa wapi?"

"Karibu na stesheni."

"Vizuri. Basi treni ya mizigo imefika, mabehewa yamejaa mahindi. Mahindi yanaweza kutembea yenyewe mpaka jikoni kwenu?"

"Hapana."

"Yanahitaji makuli wa kuyashusha. Sasa, ugali anaokula dada yako, tumboni unageuka sukari. Haina haja ya asali, ugali peke yake unatosha. Sukari inaingia kwenye damu, inasafiri kama hiyo treni. Lakini kwake makuli hawapo hata mmoja. Mahindi yamesimama stesheni na mji una njaa. Mabehewa yakizidi kujaa, mahindi yanamwagwa njiani. Hayo ndiyo waliyoyakuta sisimizi wako. Na maji, anakunywa kwa sababu yote yanatoka pamoja na hiyo sukari."

"Na watu wa mjini?"

"Watu wa mjini wana baridi na njaa. Wanaanza kubomoa nyumba zao, wanachoma mapaa yao wenyewe wapate joto. Hayo ni mafuta na nyama za mwili wake. Ile harufu mliyoiita pombe ndiyo moshi wa hayo mapaa." Akanionyesha bomba la sindano. "Makuli wako humu. Kila siku, maisha yake yote."

Nimesoma sana tangu wakati ule, na sijapata maelezo mengine yaliyoniingia kuliko hayo. Dada yangu alikuwa anakufa njaa huku ameshiba, na sisi tulimpunguzia chakula kwa adhabu, tukakaa tunangoja aungame.

Baba alifika jioni. Yeye na mama walisimama chini ya mti nje ya wodi, na mama ndiye aliyezungumza, hakuinua sauti. Kisha baba akaja akakaa nami kwenye benchi. Aliomba daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari, kama asomavyo masomo ya Jumapili. Akalifunga.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ya kwa Mama Chausiku hujaandika."

"Bado, baba."

"Usiyaandike."

"Sawa, baba."

Mpaka dakika ile nilikuwa nimejiambia kwamba baba naye alidanganywa na sisimizi, kama mimi. Sasa nikayaona yote kwa mpangilio. Alipokuwa ananawa kidole kimoja kimoja, alikuwa anajua. Alipofumba macho akamwombea mwizi wa nyumba hii, alikuwa anajua ni nani. Na aliposema mimi sidanganyi, alijua kwamba nimekosea, akanisifu kwa kosa langu kwa sababu lilimfaa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, na jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na baba yangu lilikuwa limetumika kama jani la kufunikia.

Mama alituambia neno moja tu, siku Vero alipotoka hospitali. "Baba yenu ni mtu wa watu. Mkimvua nguo yeye, tutakuwa uchi wote." Jumamosi iliyofuata baba alisimama mbele ya jumuiya akashukuru kwamba Mungu amemponya binti yake na kumsamehe. Watu walipiga makofi. Vero alikuwa amekaa mkekani, ananitazama mimi. Alikuwa ameyasikia yote pale kwenye vumbi la Mama Chausiku, na wodini alikuwa ameniambia, "Utawaambia wewe. Una daftari." Nami nilikuwa nimemjibu, "Nitawaambia." Niliangalia miguu yangu mpaka makofi yakaisha.

Wakatulia na maelezo yao. Si anaumwa sukari? Sukari ameipata wapi kama si kwenye asali aliyoiba? Ugonjwa wenyewe ukawa ushahidi. Nimekutana na watu wazima wa Itigi, watu wema, wakaniuliza hali ya dada yangu, "yule wa asali."

Nyumbani dawa yake ilikaa ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga wenye maji, na Vero alijifunza kujidunga mwenyewe bila kukunja uso. Tuliendelea kulala kitanda kimoja. Lakini sheria yetu ilikufa bila kutangazwa. Nikileta muwa alisema, "Kula tu, mimi nina masharti." Ilikuwa kweli. Hata nilipoleta karanga, ambazo hazikuwa na sharti lolote, alisema, "Kula tu."

Baba alifariki mwaka jana. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika katika ukoo, nilipewa kazi ya wasifu wa marehemu. Baba zangu wadogo waliniletea maneno: mrina hodari, mwenyekiti wa jumuiya kwa miaka mingi, mwaminifu. Niliyapanga yote mahali pake. Kisha chini, kabla ya majina ya watoto na wajukuu, niliongeza sentensi moja: kwamba asali iliyopotea nyumbani kwetu tulipokuwa wadogo haikuchukuliwa na Veronika.

Nilimpelekea aisome kabla ya ibada. Alikuwa amekuja kutoka Manyoni, ambako ana cherehani mbili na wasichana wanaojifunza kwake. Alikuwa jikoni na wapishi. Aliishika karatasi mbali na uso, maana macho yake siku hizi yamepungua, akaisoma mpaka chini.

"Hii ya mwisho umemwandikia nani?"

"Wewe. Watu wajue."

"Ungeisoma yeye akiwa amekaa palepale, anaweza kukukatalia," alisema. "Leo hawezi kujibu, ndipo umepata sauti."

"Kwa hiyo niitoe?"

"Usiniulize mimi, Eliza. Siku ile ya daftari hukuniuliza." Alinirudishia karatasi, akatazama saa yake ya mkononi. "Mimi saa yangu ya kula imefika. Sipitishi."

Niliitwa mbele. Walikuwa wamekodi vipaza sauti viwili, kimoja kimeelekezwa kwa waombolezaji, kingine kwa wapishi, ili nao wasipitwe. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ndoa, nikasoma mizinga. Niliposoma "mwaminifu" nilijisikia nikisema neno hilo kutoka pande mbili za ua. Sentensi yangu niliiona inakuja, mistari mitatu mbele, kisha miwili. Mama alikuwa kwenye mkeka, kichwa amekilaza begani kwa shangazi. Nikapumua, nikasoma majina ya watoto na wajukuu.

Watu waliitika amina. Ng'ambo ya turubai, Vero alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, chini kabisa ya kile kipaza sauti cha pili, sahani ya ugali iko mapajani. Alimega tonge, akalichovya, akala. Akamega lingine. Hakuinua kichwa.